Ndoo ya Somoe Juu ya Paa la Ghala

Hapo zamani, na si zamani ya wafalme na majini bali zamani hii ya juzijuzi, watu walipokuwa na redio za betri na ujuaji mwingi, palikuwa na kijiji kikiitwa Nyamtimba. Kilikaa kwenye kona ya mto, mahali ambapo mto ukijaa huingia bila hodi. Kila mtu alilijua hilo. Mafuriko yaliyotangulia yalibomoa nyumba arobaini. Wenyewe wakarudi wakajenga palepale, kwenye matope yaleyale, wakasema mto sasa umechoka, hautarudia.

Kijijini hapo aliishi mwanamke akiitwa Somoe, muuza vitumbua. Alikuwa mwembamba, mkali, haombi mtu na hasahau jambo. Mafuriko yale yalimchukua dada yake, Mwahija. Lakini Mwahija hakuzama. Alikaa juu ya mti siku tatu, maji yamemzunguka pande zote, akashindwa na kiu akanywa hayohayo ya mto. Akaharisha. Siku ya nne alifia mikononi mwa Somoe, midomo imepasuka, akiomba maji. Watu wa Nyamtimba walisema ni siku zake zilikuwa zimefika. Somoe akasema ni vidonge vya maji na chumvi kidogo vilivyokosekana. Wakamwambia asikufuru.

Mwaka wa tatu baada ya hapo redio ikatangaza kwamba mvua zijazo zitakuwa kubwa kuliko kawaida. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mkumba, akaitisha mkutano. Ikaundwa kamati ya maafa, na yeye ndiye mwenyekiti wa kamati. Kila kaya ikatoa mchango. Kamati ikakaa, ikatafakari, ikanunua kipaza sauti kimoja, kreti tatu za soda za wajumbe, na fulana ishirini za njano zilizoandikwa kifuani: NYAMTIMBA TUKO TAYARI.

Somoe akasimama mkutanoni.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza. Hiyo fulana inanyweka?"

"Keti chini, mama. Hapa tunazungumza mambo ya kitaalamu."

Akaketi. Kesho yake akaanza mambo yake yasiyo ya kitaalamu.

Alikuwa na shilingi mia tano tu za kuweka kando kila Jumamosi, tena Jumamosi ambayo vitumbua vimeisha. Akaenda kwa mwenye duka anayemuuzia mafuta ya kupikia, akamwomba ndoo tupu ya lita ishirini yenye mfuniko wa kubana. Akaiosha kwa majivu na ndimu mpaka harufu ya mafuta ikatoka. Watu wakamwona. Wakacheka.

Akaokota chupa sita za maji zilizotupwa stendi, akazichemshia maji, akazijaza, akazitia ndooni. Wakacheka. Akanunua karatasi moja ya vidonge vya kutibu maji na kipande cha shabu cha kutuliza tope. Akavitia ndooni. Akapasua kanga yake kuukuu vipande virefu, akavichemsha, akavianika juani, akavikunja kama bendeji. Wakacheka. Mifuko minne ya mbolea akaishona pamoja ikawa turubai. Njiti za kiberiti akazifunga kwenye nailoni, mara mbili. Akakaanga karanga, akakaanga unga wa mahindi, akatia chumvi, sabuni, wembe, kamba, na kopo dogo la nyanya la kupimia. Kila alipopita na kitu mkononi, wakacheka.

Kitu cha mwisho kilikuwa nusu kilo ya sukari. Hiyo ilimtoa jasho. Ni ya kuchanganya na chumvi kwenye maji safi, mtu akiharisha anyweshwe asikauke. Wiki tano Somoe alikunywa chai isiyo na sukari, mwanamke anayeshinda akitia sukari kwenye vitumbua vya watu, ili apate nusu kilo ile. Akaitia kwenye kopo la bati, akalifunga kwa mpira.

Kicheko kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha Mtulia, fundi baiskeli. Banda lake lilikuwa njiani, na kazi zilikuwa chache kuliko maneno.

"Mama Ndoo! Umeshatia na kitanda humo?"

"Nimeacha nafasi ya ulimi wako," Somoe alimjibu. "Lakini naona hautaenea."

Nyumba ya Somoe ilikuwa na panya, na panya hawajui akiba ni nini. Kwa hiyo ndoo aliipeleka kwa jirani yake, Bi Sikudhani, mjane wa umri mkubwa, ambaye nyumba yake ilikuwa na dari ya mbao.

"Bi mkubwa, nakuomba uniwekee amana hii."

"Iweke, mwanangu. Darini kwangu hapandi mtu."

Mvua zikaja. Wiki moja, wiki mbili. Asubuhi moja, watu wakiwa ndiyo kwanza wanawasha majiko, pikipiki ikapita mbio kuelekea mwinukoni. Juu yake alikaa Mzee Mkumba, fulana ya njano kifuani, kipaza sauti cha kamati kimefungwa nyuma kwa mpira. Hakukitumia. Alikuwa anakiokoa.

Nusu saa baadaye mto ukaingia.

Waliokuwa upande wa barabara walikimbilia mwinukoni. Waliokuwa upande wa mto, watu kumi na mmoja, wakakatwa na maji wakapanda juu ya ghala la zamani la mpunga, lenye paa bapa la zege. Somoe alikuwepo, ameacha karai la mafuta motoni. Bi Sikudhani alikuwepo, amepandishwa kwa kusukumwa. Mtulia alikuwepo. Alikuwepo pia mama mmoja kijana na bintiye wa miaka minne, Riziki, ambaye alikuwa ameanguka majini na kuyanywa kabla ya kunyakuliwa. Wengine sita walikuwa majirani, wote wacheshi.

Wakatazama. Nyumba ya Bi Sikudhani ilikuwa bado imesimama, hatua kama mia hivi kutoka ghalani, maji yamefika madirishani. Somoe hakujua kuogelea. Akashika kichwa.

"Ndoo yangu! Jamani, ndoo yangu imebaki darini!"

Mtulia akamtazama, akaitazama nyumba, akavua shati. Hakusema kitu, jambo ambalo lilimshangaza kila mtu. Akarukia mgomba uliokuwa ukielea, akaukumbatia, akaanza kupiga maji kwa miguu. Mkondo ulimchukua, ukamrudisha, ukamchukua tena. Akaingia dirishani. Wakahesabu pumzi zao. Ukuta wa jikoni ukaanguka. Mama wa Riziki akafumba macho. Kisha wakaiona ndoo nyeupe ikitoka dirishani, na nyuma yake kichwa cha Mtulia. Alifika ghalani paja limechanwa na bati, damu inatiririka. Wakamvuta juu.

Kabla hata hajafunga jeraha, akaibandua ndoo mfuniko, akaingiza mkono mpaka begani, akapekua. Uso ukamporomoka.

"Ziko wapi?"

"Nini?" akauliza Somoe.

"Hela! Miezi minne mwanamke unajibana, hununui hata hereni, unatembea na ndoo kama mlinzi wa benki. Hela ziko wapi?"

Somoe akamtazama kutoka utosini hadi vidoleni, akachukua kipande kimoja cha kanga iliyochemshwa, akamtupia.

"Jifunge, mwizi."

Sasa sikilizeni lililofuata, maana Somoe mwenyewe hakulificha hata siku moja.

Alichukua chupa ya kwanza, akamnywesha Riziki. "Mtoto hakunicheka," akasema. Akampa mama yake mafunda mawili, kwa sababu alikuwa mgeni wa kuolewa, hakuwahi kusema neno. Kisha akafunga chupa, akairudisha, akaubana mfuniko, akakalia ndoo.

Wakasubiri. Jua likapanda. Mmoja akakohoa.

"Somoe, na sisi je?"

"Nyinyi nini?"

"Tuna kiu, dada."

"Maji haya ni ya wajinga wanaotembea na ndoo," Somoe alisema, na kila neno alilitema kama kokwa. "Wenye akili wana maji yao, yale pale, yamejaa kijiji kizima. Inameni mnywe."

Wakadhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa anamwona Mwahija juu ya mti na midomo yake, na alikuwa anawaona hawa wakisimama msibani na kusema siku zake zilikuwa zimefika. Moyo wake ulikuwa mtulivu kabisa, na huo utulivu ndio uliomtisha baadaye alipoukumbuka. Walimbembeleza, akatazama kando. Walimtukana, akatabasamu. Adhuhuri ikapita. Mzee mmoja akajikokota hadi ukingoni, akachota maji ya tope kwa kiganja.

Hapo Bi Sikudhani akasimama.

"Mtulia, mshike huyu."

Mtulia, na paja lake lile, akamkumbatia Somoe kwa nyuma. Somoe akapiga mateke, akauma, akalaani. Bi kizee akafungua ndoo, akatoa kopo la nyanya.

"Kopo moja kwa mtu mmoja. Anayetaka la pili aniue kwanza."

Kila mtu akapata kopo. La mwisho akampelekea mwenye ndoo. Somoe akageuza uso. Kopo likakaa mbele yake mpaka jua linatua, ndipo akanywa, amewapa mgongo.

Tangu saa ile serikali ya paa ilikuwa Bi Sikudhani. Chupa zilipoisha, Somoe ndiye aliyewaonyesha, kwa sauti ya mtu anayefundisha mbuzi kusoma, namna ya kuchota maji ya mto, kuyatuliza kwa shabu, kuyachuja kwa kanga iliyokunjwa mara nne, kisha kutia kidonge na kusubiri. Bi Sikudhani ndiye aliyegawa. Karanga kumi asubuhi, karanga kumi jioni. Wanaume wawili walidai mashua za uokoaji zitafika muda si mrefu, ya nini kubakiza? Akawachapa kandambili mikononi, mmoja baada ya mwingine, kama watoto.

Siku ya pili Riziki akaanza kuharisha. Kufikia saa nne macho yalikuwa yamezama. Mama yake alikuwa analia bila sauti. Somoe akaruka kama aliyechomwa, maana ugonjwa huo alikuwa anaujua kwa jina. Akashika kopo la bati, akatoa mpira, akafungua.

Ndani hamkuwa na sukari. Mlikuwa na kitambaa chekundu kilichosokotwa, na ndani ya kitambaa, filimbi ya refa.

"Sukari iko wapi?"

Akawatazama mmoja mmoja, mpaka akafika kwa Bi Sikudhani. Kizee alikuwa anayatazama maji.

"Niliila," akasema.

"Nusu kilo?"

"Kidogo kidogo. Nilianza na kijiko kimoja, nikasema nitarudisha. Kopo likawa jepesi. Nikaogopa ukilinyanyua utajua. Nikatia filimbi ya marehemu mume wangu, alikuwa akichezesha mpira, na kitambaa chake, lipate uzito."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenitazama kama unavyonitazama sasa."

Somoe alicheka, kicheko kibaya. Amana! Huyu aliyemtuma mwizi mmoja amkamate, kumbe naye ni mwizi wa pili. Lakini mtoto alikuwa anakauka. Akachukua unga wa mahindi uliokaangwa, akachanganya na maji yaliyotibiwa na chumvi kidogo, akauchemsha ndani ya lile kopo la bati kwa vijiti walivyokausha juu ya zege, ukawa uji mwepesi kama maji. Akamnywesha Riziki kwa kifuniko cha chupa, kifuniko kwa kifuniko, mchana kutwa, hakumwachia mtu. Jioni mtoto akakojoa. Somoe akaangusha kichwa juu ya magoti, akalia. Wengine walifikiri analia kwa furaha. Walikuwa na haki ya kufikiri walivyotaka.

Siku ya nne, asubuhi, wakasikia injini. Boti ya waokoaji ilikuwa inapita mbali, nyuma ya mikorosho, ikielekea upande mwingine. Wakapiga kelele. Sauti zilikuwa zimekauka, na injini ilikuwa inanguruma. Boti ikawapa mgongo. Ndipo Bi Sikudhani akaichomoa filimbi, akaivuta pumzi yote iliyokuwa imebaki katika kifua chake, akapuliza. Akapuliza tena. Mtulia akafunga kitambaa chekundu kwenye kijiti, akapunga, amesimama kwa mguu mmoja. Injini ikapunguza. Boti ikageuka.

Watu kumi na mmoja walipanda, watu kumi na mmoja walishuka hai. Daktari kule mwinukoni alisema hata Riziki atapona.

Bibi yake Riziki aliitwa Bi Shanuni, mnunuzi wa mpunga, mwanamke asiyependa hotuba. Wiki mbili baadaye aliwaita wote chini ya turubai la kambi. Akatoa ufunguo, akauweka mkekani.

"Nina nyumba moja huku juu, karibu na barabara. Matofali, vyumba viwili, paa la bati. Mwalimu aliyekuwa akipanga amehama. Nampa aliyemwokoa mjukuu wangu. Nampa mtu mmoja. Nikiwagawia vyumba mtauana kwa kugombea choo."

Wa kwanza kusimama alikuwa Mzee Mkumba, fulana imefuliwa na kupigwa pasi.

"Kwa niaba ya kamati, ambayo chini ya uongozi wangu utayari wa wananchi..."

"Keti," alisema Bi Shanuni. "Ulipita mlangoni kwangu na pikipiki, mto haujafika hata kwenye mashamba. Hukuniambia hata kimbia."

Akaketi. Fulana ikabaki inasema wako tayari.

Somoe akasimama. "Nyumba ni yangu. Ndoo ni yangu, vidonge ni vyangu, chumvi ni yangu, na uji uliomtoa mtoto kaburini niliupika mimi. Hawa walinicheka miezi minne. Wasingekuwa na mimi, leo mngekuwa mnasoma hitima."

Sauti moja ikamkatiza. "Na siku ile ulipoikalia ndoo?"

Somoe akamgeukia. Angeweza kudanganya, na hakuna ambaye angemlaumu sana. "Niliwanyima," akasema. "Kama si kushikwa, ningewanyima mpaka jioni, labda mpaka kesho. Na mkinirudisha juu ya lile paa, na nyuso zilezile, siwezi kuapa kwamba nisingewanyima tena."

Mtulia akasimama, anachechemea. "Nyumba ni yangu. Ndoo ilikuwa darini, na maji yalikuwa dirishani. Nani alikwenda? Mwenye ndoo alipiga kelele. Mwenye nyumba alikaa. Mimi nilikwenda, na paja hili halitanyooka tena. Mnasema nilifuata pesa. Ndiyo, nilifuata pesa. Lakini mkondo haukuniuliza nafuata nini. Ulinipiga kama ambavyo ungempiga mtu mwema."

Bi Sikudhani hakusimama, miguu ilikuwa imevimba. "Mimi niliiba sukari ya amana. Sitaki kupunguza hata punje. Lakini vile vitu vyote vya Somoe vilikuwa ndani ya ndoo, na ndoo ilikuwa chini ya makalio ya Somoe. Nani aliitoa hapo? Nani aligawa mpaka vikafika siku ya nne, hawa wakitaka kuvimaliza siku ya tatu? Na boti ilikuwa imeshatupa mgongo. Kama ningekuwa mwaminifu, kopo lingekuwa na sukari, na filimbi ingekuwa chini ya matope pamoja na nyumba yangu."

"Kama ungekuwa mwaminifu," alisema Somoe, "mtoto asingekaukiwa siku nzima."

"Kweli," alisema kizee.

Bi Shanuni akawageukia wale wengine waliokuwa juu ya ghala. "Nyinyi mlikula na kunywa. Semeni."

Ndipo mngewaona! Watu ambao siku nne walishirikiana kopo moja, wakaanza kurushiana vidole. Yule mzee aliyechota maji ya tope akasema hatampa nyumba mwanamke aliyemwambia anywe mto. Mwingine akasema mwizi wa amana hapewi mlango, atauza bawaba. Wa tatu akamtaja Mtulia, kisha akakumbuka kwamba yeye mwenyewe anamdai Mtulia matengenezo ya baiskeli aliyokwisha kulipia, akafuta kauli. Mama wa Riziki aliulizwa mara mbili. Mara ya kwanza akamtazama Somoe. Mara ya pili akamtazama Bi Sikudhani. Akambeba mtoto wake, akatoka nje.

Bi Shanuni akachoka. Aliuacha ufunguo mkekani, akasema atarudi baada ya swala kusikia wameamua nini, na wasipoamua atampangisha mwalimu mwingine.

Basi wamekaa pale, watatu, hakuna aliyenyoosha mkono. Somoe aliyeandaa, kisha akanyima. Mtulia aliyethubutu, kisha akapekua. Bi Sikudhani aliyegawa na kuita boti, baada ya kuiba. Swala inakaribia kwisha, mlango ni mmoja, na mvua za vuli haziko mbali. Nyinyi mliokaa hapa pakavu na kusikiliza mpaka mwisho: je, kati yao ni nani aliyestahili ule ufunguo?